Mti Ulioangushwa Bila Injinia

Lori la wakata miti liliingia kwenye kichochoro cha bintiye asubuhi, chai haijapoa kikombeni, na Mzee Darubini akajua papo hapo kwamba kuna mchezo unachezwa.

Si kwamba lori lilikuwa geni. Tangu dhoruba ya juma lililopita lilikuwa linazunguka mjini, mkono wake wa chuma umekunjwa mgongoni, vijana wa msumeno wamekaa juu ya matawi kama mabwana harusi. Lakini lilikuwa linapita tu. Kwa wakubwa lilisimama, likakata, likafagia hadi majani ya bustani. Mitaa hii lilipiga honi watu wapishe. Kwa mama muuza mkaa, jirani wa pili kutoka hapo, gogo lilikuwa bado limelala juu ya kitanda chake, na mwenyewe amehamia jikoni kulala na magunia. Leo lori lile lile linakata kona, linarudi nyuma pole pole kwa adabu zote, linasimama chini ya mkaratusi ulioinamia paa la bintiye, na msimamizi anashuka anatabasamu.

"Huyu anachekea nini?" Mzee akauliza.

Binti alikuwa amekibana kichwa cha mwanawe katikati ya magoti, anamsuka, na ghafla ile kazi ya kusuka ikawa ngumu kweli kweli, inataka macho yote mawili. Mkwe alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi.

Darubini si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la kijiweni. Alikuwa fundi baiskeli, na tangu afiwe na mkewe alikuwa amegeuka mtu wa kutazama: nani kashuka kwenye gari la nani, nani kainua ukuta juzi, mtoto wa nani kaajiriwa baraza la mji bila hata kujua kusoma saa. Shule hakwenda mbali. Alitoka kabla hajafika kwenye hesabu za kugawanya, na mwenyewe alisema hiyo ndiyo iliyomkosesha kazi serikalini, maana huko kugawanya ndiyo kazi yenyewe. Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka.

Na leo haikuwa siku ya kawaida. Leo mchana baraza lilikuwa linakaa kumwongezea mkandarasi wa miti mkataba wake, na kwa desturi ya baraza mwananchi mmoja kutoka kila mtaa huruhusiwa kusimama na kusema neno. Mtaa ulikuwa umemchagua yeye. Walimchagulia pale kwa kinyozi, bila kura, kwa sababu kila mtu alijua neno lake ni lipi na kwamba amelibeba kifuani tangu mvua za mwaka jana.

"Shikamoo, mzee wangu," msimamizi akasema. Alikuwa mtu wa miraba minne, kofia ya plastiki ya njano kichwani, na kwa kofia hiyo watu walimwita Kofia.

"Marahaba. Mmepotea njia?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kukuondolea huo mzigo hapo juu. Ukibaki hivyo utaua mtu."

"Umebaki hivyo tangu upepo ulipopita. Umeanza kuua leo?"

Kofia akacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu aliyeagizwa akacheke. Akawapigia vijana mluzi. Mkono wa chuma ukaanza kunyooka.

Ni kweli kwamba mti ule ulikuwa hatari, na hilo Mzee hakubisha. Upepo ulikuwa umeing'oa mizizi ya upande mmoja, udongo umefumuka, na shina lote limelalia ukingo wa paa, juu ya chumba anacholala mjukuu. Usiku bati lilikuwa linalia, kwi, kwi. Binti alikuwa amemhamishia mtoto sebuleni, lakini sebule yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mkwe alikwenda kuandikisha mti baraza, akaambiwa angoje. Akaenda tena, akaambiwa asisumbue.

Huyo mkwe. Alikuwa dereva wa lori la maji la baraza, na Mzee hakuwahi kuukubali moyoni mkate wa baraza. Tangu posa alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu anakula na wale watu, anasalimiana nao, anawafungulia mlango wa gari. Sasa mkandarasi huyu huyu, asubuhi ya mkutano huu huu, analeta lori mlangoni kwake. Nani mwingine?

Akainuka na kikombe chake mkononi, akamsogelea.

"Baba mkwe," kijana akasema kabla hajaulizwa.

"Umewapa nini?"

"Sijawapa kitu."

"Basi umewaahidi nini?"

Mkwe akaangalia kile kiatu chake mkononi kana kwamba kimeandikwa jibu. Kule nje mashine ikanguruma, ikazima, ikanguruma tena, na tawi la kwanza likashuka kwa kamba, taratibu, kama mgonjwa anayeshushwa kitandani.

"Mtu akinyamaza hivyo ana mzigo," Mzee akasema. "Mimi nakwambia, kama umeniuza kwa hawa..."

"Baba, mwache," binti akasema kutoka kule kwenye mkeka.

"Nimwache vipi? Unajua leo ni siku gani? Unajua hawa watu wamekuja kuniziba mdomo? Hiyo siyo misumeno, hicho ni kitambaa wanachonisokomeza kinywani! Nikisimama mchana, watasema huyu si tumemhudumia asubuhi hii hii..."

"Ni mimi."

Mzee akageuka.

"Ni mimi niliyekwenda," binti akasema. Mtoto alikuwa ameinua kichwa, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. "Jana. Yeye hakujua mpaka niliporudi. Nilikwenda yadini kwao, nikamkuta mkandarasi mwenyewe. Nikamwambia mimi ni binti wa yule mzee atakayesema kesho. Nikamwambia mti wangu ukikatwa, mzee atakaa kimya."

Mzee akakiweka kikombe chini.

Aliwashuku wote. Alimshuku diwani, alimshuku injinia, alimshuku karani mwenye miwani, alimshuku mkwe, na siku moja alimshuku hata padri. Huyu hakuwahi kumtazama kwa jicho hilo. Huyu ndiye aliyemshika mama yake mkono kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani.

"Wewe ulikuwepo," akasema pole pole. "Siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Uliwaona."

"Niliwaona, baba."

Siku ile ilikuwa Jumapili mchana. Upepo ulipiga kidogo tu, si kama huu wa juzi, lakini ukaangusha mti mkubwa wa kivuli kwenye barabara ya hospitali, matawi yakajaza mifereji ya pande zote mbili, nyaya za umeme zikalala katikati. Mkewe alikuwa amebanwa na pumu. Jirani akawapakia kwenye gari lake, wakakimbia, wakafika pale kwenye mti wakasimama. Na wakata miti walikuwa wameshafika! Hilo ndilo lililomla Mzee mpaka mfupa. Lori lilikuwa pale, misumeno imepangwa pembeni ya barabara, utepe wa njano umefungwa kuzunguka mti, na Kofia huyu huyu amekaa kwenye ngazi ya lori anabofya simu. Mzee akamwendea akamwambia mke wangu anakufa. Kofia akamwambia mzee wangu, pole sana, lakini mkataba huu ni wa dharura. Mti wa dharura haukatwi mpaka injinia wa mji aje, auone, atie sahihi. Bila sahihi hatuwashi hata mashine moja. Tunasubiri.

Mzee alipiga magoti kwenye lami. Akashika msumeno mmoja awashe mwenyewe, vijana wakamnyang'anya, wakasema kuna nyaya, utakufa wewe na sisi twende jela. Wakamrudisha nyuma ya utepe. Mama watoto alikata roho kwenye kiti cha nyuma, mlango wa gari wazi, anaitazama ile misumeno.

Baadaye baraza likamwita, likampa kiti, likampa maji ya chupa. Likamwambia ni bahati mbaya. Injinia hakupatikana siku ile, na mkandarasi alifuata taratibu, hana kosa. Utaratibu ni utaratibu. Mzee akauliza utaratibu huo kautunga nani, wakamwambia mzee, wewe una majonzi, nenda kapumzike.

"Uliwaona," akarudia, "halafu ukaenda kuwapigia magoti."

"Ulipiga wewe, nikapiga na mimi." Macho ya binti yalikuwa makavu. "Mama ameshakufa, baba. Huyu yuko hai." Akamgusa mtoto bega. "Kila usiku nasikia bati linalia. Wewe unaongea kwa kinyozi, watu wanakupigia makofi, unarudi kwako kulala. Mimi nalala nimemlalia huyu mgongoni, nikisema ukidondoka unianze mimi. Utanisema. Niseme."

"Umeniuza."

"Nimekuuza. Ndiyo."

Mkwe akafungua mdomo. "Baba, kama ni kosa, basi liwe..."

"Wewe vaa kiatu," Mzee akamwambia, na akatoka nje.

Alitoka bila kujua anakwenda wapi. Uwanja ulikuwa mdogo, umejaa majani na harufu kali ya mkaratusi ile inayopanda puani kama dawa ya kikohozi. Kijana mmoja alikuwa juu kwenye kikapu cha ule mkono wa chuma anashusha shina kipande kwa kipande. Wawili wanavuta kamba. Walikuwa wanafanya kazi vizuri, na hilo nalo lilimchoma: kumbe wanajua. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio, mikono viunoni, wanaangalia. Mama muuza mkaa alikuwa mbele yao wote.

Ndipo Mzee alipoona kitu ambacho hakipo.

Hakuna utepe. Hakuna gari la baraza. Hakuna yule bwana wa mashati ya mikono mirefu anayetembea na karatasi kwenye ubao. Akatazama kule kona ya kichochoro, pengine amechelewa. Hakuna mtu.

Akamsogelea Kofia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akampunguzia sauti.

"Injinia yuko wapi?"

"Injinia wa nini, mzee?"

"Wa kutia sahihi. Si mti wa dharura huu?"

"Aah." Kofia akapunga mkono. "Hii ni kazi ya saa moja tu. Hii haihitaji injinia. Tunasaidiana kibinadamu."

"Haihitaji."

"Mzee wangu, ukisubiri hao watu wa sahihi utazeeka. Bosi akisema kata, tunakata. Karatasi zinafuata baadaye."

"Na siku ile?"

Kofia hakuuliza siku ipi. Tabasamu lilikaa usoni lakini lenyewe halikuwa na mwenyewe tena. Akaangalia juu kwenye kikapu, akaangalia buti zake.

"Siku ile," akasema, "bosi hakusema kata."

"Ulimpigia?"

"Nilimpigia. Akasema kaeni hapo hapo, msubiri." Akakohoa. "Mimi ni mtu wa kutumwa, mzee. Nina watoto." Halafu akaenda upande wa pili wa lori, akaanza kuwafokea vijana waliokuwa hawajakosea lolote.

Mzee akabaki amesimama. Hakupiga kelele. Angekuwa Darubini wa jana angepanda juu ya lori na kuutangazia mtaa mzima. Lakini kipande cha mwisho kilikuwa bado hakijashuka, kile kizito kinacholalia bati, na chini yake ndani ya nyumba mtoto alikuwa anasukwa. Akakaa juu ya gogo akangoja, amefunga mdomo kabisa, mpaka shina lote lilipolala chini na paa likainuka kidogo kama mtu aliyetua mzigo. Sasa huko juu hapakuwa na kitu ila mbingu.

Akasimama, akajifuta vumbi la mbao kwenye suruali, akaenda kubadilisha shati.

Njia ya kwenda ukumbini inapita kwa kinyozi. Siku nyingine wangemwita kutoka mbali. Leo kinyozi alikuwa anamnyoa mtu na hakuinua macho.

"Nasikia kwenu kumepambazuka vizuri," akasema, mashine inanguruma kichwani kwa mteja.

"Umesikia nini?"

"Nasikia tu. Mimi si nina masikio mawili? Lori limekwenda kwa mzee wetu moja kwa moja, halikupinda. Tena kwa adabu zote."

"Kwangu gogo liko kitandani," akasema mama muuza mkaa. Alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na kanga yake nzuri ya kwenda ukumbini. "Nalala na magunia kama panya. Wewe wako ulikuwa umeegemea tu, umeondolewa. Wangu umeingia ndani, umeachwa. Nieleze, mzee. Mimi sina akili nyingi."

"Mama mkaa, subiri..."

"Nimesubiri vya kutosha. Tulikuchagua uwe mdomo wetu. Kumbe mdomo wenyewe umeshatiwa sukari."

Watu wakacheka, kile kicheko kisicho na furaha. Mzee alihisi masikio yakimwaka. Ndivyo mtu anavyojisikia, basi? Mwaka mzima alikuwa akiwakamua watu hivi hivi, akiwatazama viatu vyao vipya, na hakuwahi kujua kwamba aliyetazamwa hana pa kuweka mikono.

Kinyozi akazima mashine. Alikuwa rafiki yake wa miaka, na akamhurumia. Akamvuta pembeni, nyuma ya pazia la duka.

"Sikiliza, kaka. Sisi tunakujua. Sema ni yule mkwe wako. Dereva wa baraza, nani atabisha? Sema kakuzunguka, kajipendekeza kwa mabosi zake bila wewe kujua. Hapo unatoka safi, unasimama mchana unawachana kama kawaida."

Mzee akafikiri. Tuseme ukweli, alifikiri sana kuliko alivyopaswa. Ilikuwa rahisi mno. Wangeamini bila hata kutafuna. Yeye mwenyewe asubuhi alikuwa ameamini. Na kijana wa watu angeruhusu, alishaanza kuruhusu pale mlangoni na kiatu chake mkononi. Kesho angenyang'anywa ufunguo wa lori la maji, na mjukuu angekuwa na paa lakini hana chakula chini yake.

"Twende ukumbini," akasema.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na feni za kuning'inia, na zilikuwa zinazunguka upande wa wakubwa tu. Mbele kwenye meza yenye kitambaa cha kijani walikaa mwenyekiti, injinia na karani. Kiti cha kwanza upande wa kulia alikaa mkandarasi, suti ya rangi ya mchanga, mguu juu ya mguu. Alimwona Mzee akiingia, akamwinamishia kichwa kidogo, kama watu waliomaliza biashara.

Walisomewa maneno marefu. Huduma za dharura, weledi, uharaka, ushirikiano. Mzee alisikiliza kama anavyosikiliza baiskeli iliyolegea mahali. Mitaa mingine ikasimama, mmoja akashukuru, mmoja akalalamikia majani kwenye mfereji. Halafu mwenyekiti akajirudisha nyuma kwenye kiti, sauti imejaa asali.

"Sasa mzee wetu. Tunamfahamu sote, tulishirikiana naye msiba. Najua huko mitaani kuna maneno kwamba mkandarasi anabagua, anachelewa. Lakini nadhani mzee mwenyewe leo ni shahidi. Au sivyo, mzee? Leo asubuhi si umehudumiwa?"

Minong'ono ikapita nyuma kama upepo kwenye mahindi. "Kumbe kweli," mtu akasema. Mzee akasimama. Viti vya pande zake mbili vilikuwa vitupu, watu walishasogea.

"Nimehudumiwa," akasema.

"Vizuri! Basi..."

"Sijamaliza. Nimehudumiwa kwa sababu niliomba. Jana nilituma mtu kwa mkandarasi, nikasema angusheni mti wa binti yangu, na mimi mchana nitakaa kimya. Nilituma mimi. Tukakubaliana. Yeye katimiza, na kazi ni nzuri, namshukuru. Mimi sitimizi."

Kule nyuma kinyozi alisema "Yarabi" na kujifunika uso. Binti alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Mzee alimwona akianza kuinua mkono, akamtazama kwa jicho lile la tangu utoto wake, na mkono ukashuka.

Mkandarasi alikuwa ameteremsha mguu. "Mheshimiwa, mimi sikukubaliana na..."

"Ngoja zamu yako," Mzee akamwambia. "Mti huu wa leo umekatwa bila injinia. Majirani wote walikuwa uzioni. Hakuna utepe, hakuna sahihi, hakuna karatasi. Bosi kasema kata, wakakata, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Sasa mke wangu alipokuwa anakufa mbele ya lori lile lile, mkaniambia haiwezekani. Mkaniambia sheria inakataa mashine kuwashwa. Nikaamini, maana mimi sina shule. Nauliza swali moja tu, halafu mnifanye mtakavyo. Siku ile nani aliwaambia wakae?"

Mwenyekiti akavuta maikrofoni karibu, na asali ilikuwa imekwisha.

"Mzee, hebu tuelewane. Unakiri mbele ya baraza kwamba umetoa ahadi ili upendelewe, umepokea, na umeivunja ahadi. Na unataka baraza likuamini wewe?"

"Msiniamini," Mzee akasema. "Mimi siaminiki. Jibuni swali."

Alikuwa hana kitu kingine mfukoni, ameshakitoa chote. Kisha benchi moja likalia na mama muuza mkaa akasimama na kanga yake nzuri.

"Huyu mzee ni mwizi wa zamu yangu," akasema kwa sauti ya sokoni, "na nikitoka hapa nitamwambia zaidi. Lakini swali lake mimi nalitakia jibu."

"Jibuni!" mtu akadakia, na mwingine, na mwingine, mpaka karani akagonga meza na hakuna aliyemsikia.

Aliyesimama hatimaye alikuwa injinia. Mtu mwembamba, wala hakuwa mzee. Mwaka mzima mji ulikuwa unamtaja yeye: alikuwa harusini, alikuwa amelewa, alikuwa na mwanamke, kila mtu na uongo wake. Mzee mwenyewe alikuwa ametia chumvi kwenye baadhi ya hizo.

"Siku ile nilikuwa nyumbani kwangu," injinia akasema bila maikrofoni. "Nyuma tu ya hospitali. Simu ilikuwa mezani. Haikulia."

"Tulipiga ofisini!" mkandarasi akaruka.

"Jumapili?" injinia akauliza.

Mtu mmoja akaanza kucheka, akanyamaza haraka, akaona aibu. Mkandarasi akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema kwamba suala la mkataba linaahirishwa mpaka litakapotangazwa tena, akakusanya karatasi zake, nyingine zikaanguka, hakuziokota.

Mzee alikuwa bado amesimama. Alikuwa amedhani siku akilipata jibu hili atalia, au atamrukia mtu. Simu ilikuwa mezani. Haikulia. Nyumba nyuma ya hospitali, mtu angekimbia kwa miguu akafika. Aliyageuza yale maneno kichwani kwa namna zote, akitafuta pa kuyashuku, na hakupapata, akakaa.

Nje hakuna aliyempa mkono. Kinyozi alipita akimpiga bega kidogo, haraka, kama mtu anayefukuza inzi. Mama muuza mkaa alitimiza alichoahidi: alimsimamisha pale ngazini akamtolea maneno yote, na Mzee akayapokea mpaka la mwisho, kisha akamwambia kwamba kesho atakuja na kamba na watu, gogo litoke kitandani, injinia awepo asiwepo. Mama akasema ataamini akiona kamba.

Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia hatua nyuma yake. Mkwe. Binti alikuwa mbele kule, anatembea upesi, mtoto mgongoni amegeuza shingo kuwaangalia.

"Baba," kijana akasema. "Kwa nini hukusema ni mimi? Wangeamini."

"Ndiyo maana."

Mkwe akatafakari hilo mpaka kwenye kona.

"Watanifukuza hata hivyo. Jina lako, nyumba yangu. Wataunganisha."

"Wanaweza," Mzee akasema. Hakutaka kumdanganya, leo alikuwa amedanganya vya kutosha. "Wale ni watu wa kulipiza. Lakini mti hawawezi kuurudisha juu."

Kijana akatoa sauti ambayo karibu ilikuwa kicheko. Mzee akamtazama vizuri, uso mzima, si kwa pembeni, na akaona kwamba viatu vyake vimechoka kisigino na kwamba mtu huyu naye muda mrefu hajalala.

Huko mbele binti alikuwa amesimama, anawangoja, na usoni mwake Mzee hakuweza kusoma kama amesamehewa au ndio kwanza anaanza kulipa.